Nimenunua baiskeli ya maunteni, nataka kuipeleka Pugu. Nianzie wapi?

Mgeni wa Pedeli

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mkazi wa Tabata, miaka 31. Kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja, na kitambi kimeshaanza kunitangulia mlangoni. Nimeamua kuanza baiskeli, ila siyo ya lami. Kuna jamaa ofisini kila Jumatatu anakuja na picha za msitu wa Pugu, pembezoni mwa Dar, tope mpaka masikioni, anacheka tu. Na mimi nikatamani.

Jumamosi nimezama Kariakoo nikatoka na moja, mtumba wa Japani. Shokapu mbele, shokapu nyuma, gia 18, breki ya diski mbele. Laki mbili na themanini. Muuzaji kaniambia hii hata Kilimanjaro inapanda.

Maswali yangu: nimepigwa au sijapigwa? Imebaki kama laki mbili, nibadilishe kifaa gani kwanza? Mmoja kaniambia niweke tairi nene, mwingine anasema niongeze gia ziwe 27. Na huko Pugu mtu anaanzaje? Naomba msaada, matusi hapana.

Mbishi wa Mbagala

Umepigwa. Ila karibu.

Mzee wa Grisi

Karibu mdogo wangu. Huyo wa Mbagala mzoee tu, ndivyo alivyo.

Kabla sijajibu chochote, nenda kwenye baiskeli yako sasa hivi na tochi. Angalia bomba linalobeba kiti, na lile refu linalotoka chini ya usukani kwenda kwenye pedeli. Lazima kuna stika ndogo yenye maandishi ya Kijapani, kama hawajaibandua. Ipige picha kwa programu ya kutafsiri kwenye simu, halafu tuambie imeandikwa nini.

Mgeni wa Pedeli

Mkuu nimerudi. Stika ipo, chini ya kiti, nusu imechubuka. Tafsiri inasema baiskeli hii ni ya matumizi ya kawaida barabarani, usiipeleke njia mbovu na usirukie nayo.

Sasa mbona ina shokapu mbili?

Mzee wa Grisi

Ndiyo hapo sasa. Japani kuna baiskeli nyingi zilizotengenezwa zifanane na za milimani lakini kazi yake ni kumpeleka mwanafunzi stesheni ya treni. Mtengenezaji hajamdanganya mtu, kaandika kabisa kwenye fremu. Tatizo stika inavuka bahari inafika Kariakoo ambako hakuna wa kuisoma, na muuzaji anaona shokapu mbili, anaongeza bei.

Shokapu nzuri ina vitu viwili: springi (ya chuma au ya hewa) ya kukubeba, na mafuta yanayopita kwenye vitundu vidogo ili irudi polepole. Hiyo yako ina springi tu. Ukigonga jiwe inabonyea, kisha inakurusha kama godoro jipya. Ukisimama kupedali mlimani, sehemu ya nguvu zako inaishia kubonyeza springi ya nyuma. Na uzito je? Ninyanyulie hiyo baiskeli kwa mkono mmoja uniambie. Zile za namna hiyo nilizowahi kupima zilikuwa kilo 17, 18. Kwenye kiungo cha fremu ya nyuma wanaweka bushi za plastiki, zikilika nyuma inaanza kutingishika kama mkia wa samaki.

Kwa mtu anayeanza, mwenye laki tano na siyo milioni tano, baiskeli ya kutafuta ni ile yenye shokapu ya mbele tu, nyuma ngumu. Hata isiyo na shokapu kabisa, ikiwa na tairi pana, itakufundisha vizuri kuliko hiyo. Shokapu mbili nzuri zipo, nimeziendesha, ni raha tupu, lakini bei yake unapata kiwanja Chanika.

Sijasema uitupe. Barabara za vumbi, mtaani, kwenda Segerea na kurudi, inafaa. Ila usishuke nayo mteremko wa mizizi, na usiweke hata shilingi moja ya kuongeza gia.

Mbishi wa Mbagala

Wazee mnamtisha kijana. Kuna watu kila siku alfajiri wanashuka kutoka Kisarawe na magunia ya mkaa matatu nyuma ya kiti, baiskeli ya chuma, gia hakuna, shokapu hakuna, breki za vyuma. Na wanafika mjini. Nyie mnaongelea mafuta kupita kwenye vitundu.

Mzee wa Grisi

Mbishi leo umesema kweli kuliko unavyojua. Huu mchezo wenyewe ulianza hivyohivyo. Vijana wa Kaunti ya Marin, California, miaka ya 70, walikuwa wanachukua mabaiskeli mazito ya chuma ya zamani, breki ya kurudisha pedeli nyuma, wanashuka nayo milima ya huko. Tarehe 21 Oktoba 1976 wakafanya mashindano kwenye mteremko mmoja. Mteremko wenyewe ulikuwa mkali kiasi kwamba ukifika chini grisi ya kwenye habu (kitovu cha gurudumu) imeungua yote, inabidi ufungue ujaze upya, na jina la njia likatokana na hilo: Repack, yaani jaza upya. Mwaka uliofuata Joe Breeze akatengeneza fremu iliyokusudiwa kazi hiyo. Miaka ishirini baada ya mashindano yale, mwaka 1996, mchezo ukaingia Olimpiki ya Atlanta.

Ila hao wa mkaa wanatembea na uzoefu wa miaka, na mteremko mkali wanashuka kwa miguu wameishika baiskeli. Wewe mgeni huna huo uzoefu. Breki zako ndizo uzoefu wako kwa sasa.

Dada Kaseti

Mgeni pole na karibu. Mimi nilianza miaka mitatu iliyopita, Goba na Madale huku kwenye vilima, kwa hiyo nakumbuka makosa yangu vizuri.

Kaka zangu wanaongelea shokapu tu lakini hakuna aliyekuuliza upepo. Umejaza kiasi gani?

Mgeni wa Pedeli

Dada nilienda sheli nikamwambia yule kijana ajaze mpaka iwe ngumu. Ubavuni mwa tairi wameandika 65 PSI (kipimo cha upepo), tukaweka hiyohiyo.

Dada Kaseti

Nilijua. Hiyo 65 ni mwisho wa tairi kubeba, siyo kiasi cha kuendeshea. Mimi nina kilo 62, tairi ya 26 kwa 2.1 yenye mpira wa ndani, naweka 28 mbele na 30 nyuma. Wewe ukiwa na kilo themanini hivi anza na 33 mbele, 36 nyuma, halafu punguza moja moja wiki hadi wiki. Ukizidisha upepo tairi inaruka juu ya kila kokoto na kwenye mchanga inazama kama kisu. Ukipunguza mno, ukigonga jiwe rimu inabana mpira wa ndani na unapata matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Ukiyaona hayo usilaumu mwiba, ni upepo wako mdogo.

Na uangalie valvu, maana hapa ndipo watu wanakwama porini. Ziko tatu. Ile nene kama ya gari ni Schrader, pampu ya sheli inaingia moja kwa moja. Ile nyembamba yenye kinati kidogo juu ni Presta: fungua kinati kwanza, na ununue kile kichwa cha shaba cha kuifanya iwe kama ya gari, tembea nacho. Ya tatu ni ile ya baiskeli za kawaida, ya Phoenix na Swala, nyingi za Japani za mtaani zinayo. Ndani ina kampira kembamba, kakichakaa upepo unatoka polepole na utabadilisha mpira mzima bure wakati kilichokufa ni kitu cha mia mbili. Kila fundi wa chini ya mwembe anako.

Pampu ya sheli nayo iogope. Inajaza kwa sekunde mbili. Mimi ilinipasukia mbele ya foleni ya bodaboda, Mbezi nzima ilitulia.

Mgeni wa Pedeli

Hahaha. Nimeangalia, ni hiyo ya tatu. Nimetoa upepo, baiskeli imekuwa tofauti kabisa, sikutegemea.

Wakuu nimefikiria. Kuna kijana wa jirani anaitaka hii ya shule. Nikiiuza laki mbili na hamsini nakuwa na laki nne na nusu. Nitafute nini, na nikaguaje ili nisirudi hapa kulia?

Mzee wa Grisi

Uamuzi mzuri. Tafuta fremu ya alumini au ya chuma nzuri, shokapu ya mbele, magurudumu ya 26. Watu watakuambia 26 imepitwa na wakati, sasa ni 29. Kweli, 29 inapita juu ya mawe kirahisi zaidi. Lakini kwa hela yako 26 ndiyo utakayopata iliyotengenezwa vizuri, na tairi zake zimejaa Kariakoo. Sharti moja: usisome inchi peke yake, soma namba ndogo ubavuni mwa tairi. 26 ya maunteni ni 559, 27.5 ni 584, 29 ni 622. Zipo 26 nyingine za baiskeli za kizamani zenye namba tofauti, haziingiliani. Mimi nimewahi kurudi kutoka Msimbazi na tairi mbili nisizoweza kuzifunga popote.

Ukubwa kwanza. Simama juu ya bomba la juu, miguu chini, viatu umevaa. Kati ya bomba na mwili wako zibaki sentimita tano au zaidi. Fremu kubwa kupita mwili wako hairekebishiki kwa spana yoyote.

Halafu ukaguzi. Usione aibu, muuzaji akinuna mwache anune.

Igeuze, zungusha gurudumu, weka kidole karibu na rimu. Ikienda kushoto kulia kwa milimita mbili tatu, spoku zinakazwa. Ikiyumba kama mlevi, ondoka. Shika tairi juu, sukuma pembeni: kukiwa na nafasi, beringi za habu zimelegea. Shika mkono wa pedeli (siyo pedeli yenyewe) uvute kuelekea kwako na kusukuma: ukicheza, beringi za katikati zimekwisha. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele nyuma huku kidole kikiwa pale shingo ya usukani inapoingia kwenye fremu, utasikia kama kuna kugonga. Kisha piga magoti uangalie chini ya shingo, pale bomba mbili zinapokutana. Ufa unaanzia hapo, unaonekana kama unywele kwenye rangi. Alumini yenye ufa haiungwi na mtu wa geti na madirisha.

Mwisho, na hili Dar ndiyo muhimu kuliko yote: legeza kiti, ipandishe na kuishusha nguzo yake. Hizi baiskeli zimekaa kwenye kontena, zimekaa kwenye chumvi ya hewa yetu, nguzo ya alumini inashikana na fremu ikawa kitu kimoja. Ukishindwa kuishusha pale dukani hutaishusha nyumbani.

Na chukua risiti yenye namba ya fremu. Baiskeli za wizi zinatembea sana mjini hapa.

Mbishi wa Mbagala

Mwambieni na gia. Maana atarudi na ya gia 27 akijisifu.

Mzee wa Grisi

Gia, sawa. Sahau idadi, hesabu meno. Ile uliyokuwa nayo, sahani ndogo ya mbele (duara la meno la kwenye pedeli) kama ina meno 28 na kubwa ya nyuma ina 28, basi pedeli ikizunguka mara moja na tairi linazunguka mara moja. Kupanda kutoka Gongo la Mboto kwenda Pugu utasukuma kwa mkono. Ukipata mbele 22 na nyuma 34, tairi linazunguka kama mara 0.65 tu kwa kila mzunguko wa pedeli. Ni polepole, mtu anayetembea anaweza kukusalimia mkaongea, lakini unapanda umekaa. Sasa hizi za kisasa zenye sahani moja mbele, tuseme 32 na nyuma 51, zinatoa 0.63. Unaona? Karibu sawa na ya zamani. Ulicholipia ni kupunguza vurugu ya kuhamisha mbele, na cheni isiyoruka ovyo. Kitu kizuri, siyo cha lazima kwa anayeanza.

Kama ni Shimano ya mtumba, ngazi kutoka chini zinaenda Tourney, Altus, Acera, Alivio, Deore, SLX, XT, XTR. Ukipata Alivio au Deore ya zamani iliyotunzwa, shikilia. Angalia pia meno ya nyuma yamefungwaje. Friwili inakaza kwa uzi juu ya habu, na ekseli yake, kwa zile za gia saba na kuendelea hasa, inapinda kwa mzigo kwa sababu beringi ya kulia iko mbali na ukingo. Kaseti inateleza juu ya mifereji ya habu na kukazwa kwa pete, na ekseli inashikiliwa karibu na mwisho. Mtu mzito akienda njia ya mawe, kaseti.

Kobe wa Kigamboni

Samahani kuingilia, naomba kuuliza breki. Diski au zile za kubana rimu? Mimi ninazo za rimu, kila mtu ananicheka tukipanda pantoni.

Mzee wa Grisi

Waache wacheke. Breki za rimu zile za mikono mirefu miwili, zikiwa na raba mpya na waya mpya, zinakusimamisha vizuri kuliko diski ya bei ya chini iliyojaa kutu. Udhaifu wake ni tope na maji, rimu ikilowa zinashika kwa kuchelewa. Huko kwenu mchanga wa pwani nao unakula rimu kama msasa. Pitisha kidole kwenye rimu: ukisikia imechimbika kama sahani, badilisha kabla haijapasuka.

Diski za mafuta ni nzuri kweli, kidole kimoja kinatosha. Ila ukinunua ya mtumba ujue inatumia mafuta gani. Shimano ni mafuta ya madini. SRAM nyingi ni DOT kama ya gari. Kuna fundi mmoja, simtaji, alijaza za kwangu za Shimano kwa mafuta ya breki ya gari. Ndani ya wiki mbili raba zote zilivimba, mkono wa breki ukabana haurudi. Nilinunua breki nzima upya.

Huyohuyo, na hapa nalaumu nafsi yangu maana nilikuwa nimesimama palepale, alinifungulia pedeli ya kushoto. Pedeli ya kushoto ina uzi wa kinyume. Ya kulia unafungua kama nati yoyote, ya kushoto unafungua kwa kuzungusha upande ambao kwa kawaida unakaza. Tukaivuta kwa spana na bomba la chuma kuongeza urefu, wawili, tunahema. Ilipotoka ilitoka na nyuzi za alumini zimejisokota kwenye chuma kama tambi. Mkono wa kushoto wote ukawa chakavu. Tangu siku ile nina spana yangu ya 15.

Dada Kaseti

Spana ya 15, alenki za 4, 5 na 6, levaraa za plastiki za kutolea tairi (siyo kijiko, kijiko kinatoboa mpira), viraka na solusheni, pampu ndogo na mpira mmoja wa akiba. Vyote vinaingia kwenye kibegi cha kiuno. Halafu helmeti. Mgeni kabla hujanunua kitu kingine chochote kwa hiyo laki, helmeti, na uivae ikae juu ya nyusi vidole viwili, siyo kisogoni kama kofia ya sherehe.

Mgeni wa Pedeli

MREJESHO.

Wakuu nimeuza ile, kijana kafurahi, stika nimemwonyesha. Jumamosi nimeenda na orodha yenu imeandikwa kwenye karatasi. Duka la kwanza nguzo ya kiti imeganda. La pili nilipopiga magoti kuangalia ufa muuzaji akaniuliza, "Unamtafuta nani huko chini?" La tatu nikaipata: alumini, 26, shokapu ya mbele inarudi polepole, breki za rimu, mbele 22-32-42, nyuma nimehesabu 11 mpaka 34, kaseti. Alianzia laki tano, tumemalizana laki tatu na sabini, na risiti.

Ila cheni inaruka nikikanyaga kwa nguvu.

Mzee wa Grisi

Umenunua vizuri mdogo wangu. Cheni: chukua rula ya inchi. Sifuri iweke katikati ya pini moja, ivute cheni inyooke, angalia inchi 12. Ikiwa nzima, inchi 12 inaangukia katikati ya pini nyingine kabisa. Pini ikiwa imepita kwa 1/16 ya inchi, badilisha cheni. Ikiwa imepita 1/8, cheni imeshakula na meno ya nyuma, ukiweka mpya peke yake itazidi kuruka.

Mgeni wa Pedeli

Imepita kama 1/8 mkuu. Kidogo zaidi.

Mzee wa Grisi

Basi kaseti na cheni kwa pamoja. Angalia na sahani za mbele kama meno yamechongoka mfano wa mapezi ya papa. Usiumie, hiyo ndiyo bei halisi ya mtumba, ungekuwa umeongeza gia 27 kwenye ile ya kwanza hela ingekuwa imekwenda na maji.

Ukishaweka mpya, usipake oili chafu ya gari. Najua mafundi wote wanafanya. Inashika vumbi jekundu la Pugu inakuwa kama dawa ya kusagia valvu. Tone moja la kilainishi kwenye kila kiungo, acha dakika kumi, kisha futa nje yote kwa kitambaa mpaka cheni ionekane kavu. Mafuta yanatakiwa ndani. Ukitoka Kigamboni ufukweni, futa siku hiyohiyo, kesho yake itakuwa na rangi ya chungwa.

Kobe wa Kigamboni

Hilo la rangi ya chungwa linanihusu, nimeguswa.

Dada Kaseti

Sasa Pugu. Toka mapema, saa kumi na mbili uwe barabarani, Jumapili. Barabara ya Nyerere saa hiyo haina daladala nyingi, ikifika saa mbili hutaki kuwa pale. Kutoka Pugu Kajiungeni unashika ya Kisarawe, kushoto na kulia kuna njia za vumbi nyingi. Ndani ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi kuna malipo ya kuingia, iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), lipia getini upewe risiti na uulize njia zipi zinaruhusiwa. Usiende peke yako mara ya kwanza. Na usiende Aprili ukitegemea kurudi msafi. Masika udongo ule mwekundu unajaza kwenye breki za rimu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, utabeba baiskeli mabegani kama mgonjwa.

Kwenye mteremko simama juu ya pedeli, zote mbili ziwe sawa kwa urefu, moja mbele moja nyuma, viwiko vikunje, kiti ukishushe kabla. Macho yaangalie unakokwenda, mita kumi mbele. Ukilitazama jiwe utaligonga, sijui kwa nini iko hivyo lakini iko hivyo. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu maana uzito wote unakuja mbele, ila ibane polepole kwa kidole kimoja au viwili. Kwenye mchanga iache kabisa ya mbele: ingia na gia nyepesi, rudisha makalio nyuma, endelea kuzungusha.

Kupanda kinyume chake: kaa, kifua chini, makalio kwenye ncha ya kiti. Hamisha gia kabla ya mlima, siyo katikati unapokanyaga kwa hasira.

Mbishi wa Mbagala

Na maji lita mbili. Mimi nilienda na chupa moja nikaishia kuomba kwa mama muuza mihogo Kisarawe, akanipa, akaniambia mtu mzima hovyo.

Mgeni wa Pedeli

Wakuu mrejesho wa pili, nimefika nyumbani sasa hivi, sijaoga hata.

Nimeenda na yule jamaa wa ofisini. Kupanda Pugu nimesimama mara nne, lakini sijasukuma kwa mkono, 22 kwa 34 wazee mungu awabariki. Ndani ya msitu kuna baridi ambayo sikujua Dar ipo. Kuna kipande cha mizizi jamaa kashuka kama maji, mimi nimeshuka nimeishika baiskeli kama watu wa mkaa. Cha pili nimeshuka juu yake, nimepiga kelele peke yangu. Nimepata pancha moja, tundu moja, mwiba, nimeziba mwenyewe dakika ishirini na tano huku watoto sita wakinisimamia na kunielekeza.

Tatizo: kurudi, kuanzia Ukonga, kuna kitu kinalia kak, kak, kak.

Mzee wa Grisi

Safi sana. Ukiacha kupedali baiskeli ikiteleza yenyewe, kinaendelea kulia au kinakoma?

Mgeni wa Pedeli

Kinakoma. Na ukikanyaga kinalia mara moja kwa mzunguko, mguu wa kushoto ukiwa unashuka.

Mzee wa Grisi

Basi siyo gurudumu. Mkono wa kushoto wa pedeli umelegea pale unapoingia kwenye ekseli ya pembe nne. Usiendeshe tena hata kwenda dukani, alumini ni laini na chuma ni kigumu, tundu la pembe nne linageuka duara na mkono unakwisha. Toa kifuniko, tia soketi ya 14 au alenki ya 8, inategemea bolti. Kaza haswa. Hiyo bolti ni ya kawaida, unakaza kulia. Pedeli tu ndiyo ya kinyume.

Mgeni wa Pedeli

Soketi ya 14. Imeingia karibu nusu mzunguko, nimezunguka mtaa mara mbili, kimya. Fundi wetu wa hapa kwenye kona alikuwa ananiangalia muda wote, sasa amekuja kuuliza hiyo soketi naiuza shilingi ngapi.